Nyumba za Bangalo za Marekani

Leo twapenda kueleza habari za nyumba zilizoenea sana Marekani katika miaka thelathini ya kwanza ya karne iliyopita. Huitwa bangalo. Asili ya neno hili ni Bengali, katika Bara Hindi, ambako Waingereza waliona nyumba fupi zenye baraza, wakalichukua jina pamoja na mfano wake.

Zamani zile viwanda vilitoa nakshi tele kwa bei rahisi, na watu wakazibandika kila mahali. Huko Uingereza William Morris alikuwa amekwisha kufundisha kwamba kazi ya mkono ina heshima yake. Gustav Stickley, seremala wa Marekani, alilishika fundisho hilo, akatoa gazeti lake, The Craftsman, yaani Fundi, tangu 1901 hata 1916, akichapa ndani yake ramani za nyumba.

Je, nyumba hizo zi namna gani? Kwanza, paa lake halina mteremko mkali, na upenu hutokeza mbali, kuta zipate kivuli wala zisipigwe na mvua. Ncha za boriti huachwa wazi chini ya upenu. Pili, baraza ya mbele: nguzo zake ni nene chini na nyembamba juu, nazo husimama juu ya vikuta vya mawe au matofali. Tatu, ndani: chumba cha kukaa hufunguka kwenye chumba cha kulia, moto wa kuota huwa ndio moyo wa nyumba, na makabati na rafu za vitabu hujengwa ukutani. Kanuni ya yote ni moja: boriti ikibeba, na ionekane ikibeba.

Katika mji wa Pasadena, California, ndugu wawili, Charles na Henry Greene, walichora mwaka 1908 nyumba ya Gamble, ambayo ingali imesimama, na viungo vya mbao zake ni ajabu. Lakini ile ni nyumba ya tajiri. Mwenye mshahara mdogo alifanyaje? Tangu 1908 hata 1940 kampuni ya Sears iliuza nyumba kwa posta. Mtu alichagua katika kitabu, kisha mbao na misumari zikamfikia kwa gari la moshi; baadaye mbao zilikuja zimekwisha kukatwa kwa mashine.

Basi nyumba iliyotungwa kuheshimu mkono iliwafikia wengi kwa msaada wa mashine. Wako walaumuo. Sisi twaona kwamba mashine si adui wa fundi, maadamu nyumba haifichi jinsi ilivyojengwa, na wakaao ndani yake wana kivuli, moto na nafasi ya kutosha.