Boti na Injini Yake Kabla ya Majira ya Baridi (2): Kuyatoa Maji

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Katika eneo la Maziwa Makuu ya Marekani na Kanada, ambako baridi hushuka chini ya sifuri kwa wiki nyingi, ongezeko hilo hutosha kupasua chuma cha injini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya matayarisho ni kuyasaka maji popote yalipobaki.

Mafuta hushughulikiwa kwanza, maana kazi hiyo huhitaji injini iwake. Dawa ya kuhifadhi petroli hutiwa tangini, kisha injini huwashwa kwa dakika kama 10 ili petroli yenye dawa ifike kwenye kabureta. Boti ikiwa imeshapandishwa nchi kavu, injini hulishwa maji kwa mpira. Ikiwashwa bila maji, raba ya pampu huungua upesi. Oili humwagwa ingali ya moto, na chujio hubadilishwa. Wengi huiahirisha kazi hii hadi baridi iishe, na hapo hukosea: oili iliyotumika ina tindikali na unyevu, navyo huendelea kula vyuma muda wote injini imelala.

Injini ya nje ikisimamishwa wima hujimwaga yenyewe. Ya ndani ina vizibo vya kutolea maji ubavuni, na hapo ndipo pa kuwa macho. Kizibo hufunguliwa, yakatoka matone machache tu, mtu akadhani imekauka, kumbe kutu na mchanga vimeziba tundu. Fundi mwangalifu huchokoa kwa waya hadi maji yachuruzike yaishe. Baadaye hupitishwa dawa ya kuzuia kuganda. Inayofaa ni ya propilini glaikoli, kwa kuwa ile ya ethilini glaikoli ni sumu kali kwa watu na wanyama.

Giaboksi nayo hukaguliwa. Skrubu ya chini ikilegezwa, kinachotangulia kutoka huwa ni maji, kwa sababu ni mazito kuliko oili. Oili yenye rangi ya maziwa ni dalili kwamba sili imechoka, na sili hiyo hubadilishwa kabla ya baridi kuingia. Oili mpya husukumwa kutokea tundu la chini hadi itokeze juu, ili hewa isibaki ndani.

Betri hutolewa na kuchajiwa. Iliyojaa huhimili nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali iliyokwisha huweza kuganda kwenye nyuzi 10 tu.

Mwisho boti huegeshwa omo ikiwa juu na kizibo cha tezi kikiwa kimetolewa, ili theluji inayoyeyuka isituame kwenye ngama. Turubai huachiwa mwanya wa hewa, la sivyo ukungu huota. Kizibo chenyewe hufungwa kwenye usukani, kisisahauliwe siku boti inaporudishwa majini.