Kisumu Mezani: Samaki, Mboga Chungu na Uji wa Ukwaju

Mtanzania akivuka mpaka wa Sirari na kushika barabara ya Migori, Kisii na Ahero, hufika Kisumu akidhani atakuta chakula cha Mwanza chini ya majina mengine. Ziwa si ni lile lile? Sangara hapa ni mbuta, dagaa ni omena, furu ni fulu, na ugali hauondoki mezani. Lakini jiko la Wajaluo wa Nyanza lina njia zake, zile zile zinazofuatwa na ndugu zao wa Rorya kwetu mkoani Mara, na msafiri anayetoka pwani ni vizuri aambiwe mapema: katika jiko hilo hatakuta nazi, iliki wala bizari. Atakuta moshi, maziwa, samli na ukwaju. Zaidi ya yote atakuta uchungu, ladha ambayo sisi watu wa pwani tunaikimbia, na ambayo wapishi wa huku wanaitunza kwa siku tatu juu ya jiko hadi imstahili mgeni. Anayeondoka Kisumu bila kuionja amekula nusu ya chakula cha mji huo.

Mji wenyewe ulizaliwa na reli. Njia ya treni kutoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa mwaka 1901, bandari ikaitwa Port Florence, na pamoja na reli wakaja Wahindi, mafundi na wenye maduka. Ndiyo maana hadi leo sambusa na bhajia si vyakula vya ugeni Kisumu, na chapati hupendwa karibu sawa na ugali. Karibu na misikiti utapata pilau na biriani. Vyote hivyo ni vizuri, ila unavipata nyumbani, kwa hiyo sitakaa hapo.

Twende ufukweni. Kenya ina sehemu ndogo tu ya ziwa, kama asilimia 6, na Kisumu imekaa kwenye kona ya ndani kabisa ya Ghuba ya Winam, ambako maji ni ya kina kifupi na gugu maji huweza kufunga njia ya mitumbwi kwa majuma mazima. Kusini kidogo ya mji kuna Dunga, kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na mafunjo. Mitumbwi hurudi asubuhi, na wanaoipokea ni wanawake. Wao ndio wanaopatana bei, wanaoparua magamba, wanaokaanga na wanaouza. Katika fukwe nyingi biashara hiyo imekuwa na dhuluma yake: mvuvi hudai mwili wa mwanamke ndipo amuuzie samaki, desturi inayoitwa jaboya. Wanawake wa ufuo mmoja, Nduru Beach, waliikataa kwa vitendo, wakatafuta msaada na kumiliki mitumbwi yao wenyewe ili wawaajiri wavuvi badala ya kuwabembeleza. Nalisema hili katika makala ya chakula kwa sababu sahani ya samaki ina historia ya mikono iliyoileta, na mgeni anayekula kwa furaha anapaswa kuijua.

Samaki anayetakiwa na kila mgeni ni ngege. Jina hilo hapo zamani lilikuwa la samaki mmoja wa asili ya ziwa hili, aliyepungua sana baada ya nyavu za kisasa kuingia ghubani mwanzoni mwa karne iliyopita. Anayeletwa mezani leo kwa kawaida ni sato, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950. Hata hivyo ni samaki mtamu, na Kisumu humpika mzima, kichwa na mkia, akiwa amechanjwa mbavuni. Unaweza kumwagiza akaangwe mkavu, ngozi ikakauka na kulia chini ya meno. Wengi huomba akishakaangwa aungwe kwa nyanya, vitunguu na dania, mchuzi uwe mzito wa kushikana na ugali. Kwa maoni yangu mpishi hodari humjui mpaka umwombe akuchemshie samaki mbichi, wa asubuhi ile, kwa chumvi, kitunguu na nyanya kidogo. Hapo hakuna mafuta ya kuficha kitu. Kama samaki amelala siku mbili kwenye barafu utajua kwa tonge la kwanza.

Na wengine wamelala zaidi ya siku mbili. Ziwa limechoka kwa kuvuliwa kupita kiasi, na pengo limejazwa na samaki wa kufugwa kwenye vizimba pamoja na samaki wa barafu kutoka China, wanaouzwa kwa bei ambayo mvuvi wa Dunga hawezi kushindana nayo. Uliza bila haya kabla ya kuagiza. Muuzaji mwaminifu atakwambia, tena atakufunulia mashavu ya samaki uone wekundu wake.

Mbuta ni habari nyingine. Samaki huyu mkubwa aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala fulu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina ambao bibi za Nyanza waliwakausha juani na kuwapika kwa kitoweo cha kila siku. Mbuta hupelekwa viwandani, na minofu yake husafirishwa Ulaya na kwingineko. Kinachobaki ni kichwa, mifupa na nyama iliyoshikilia mifupa. Mwanza tunayaita mapanki. Kisumu, hasa mtaa wa Obunga ulio karibu na viwanda, wanakiita mgongo wazi, na akina mama hukikaanga kwenye makarai makubwa kando ya njia. Ni chakula cha watu ambao samaki mzima amewapita bei. Mtu asikidharau: nyama iliyo karibu na mfupa ndiyo yenye ladha, na kichwa cha mbuta kilichochemshwa taratibu hutoa supu nzito ambayo hoteli kubwa hazina. Lakini haifai kukila kana kwamba ni kivutio cha utalii. Ziwa lililo mlangoni pa mtu linamwachia mifupa, na jambo hilo linauma.

Omena, dagaa wetu, huvuliwa usiku wa giza kwa taa, huanikwa kukipambazuka, na kila mwaka uvuvi wake husimamishwa upande wa Kenya kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Kwa kuwa ni wadogo mno hawatolewi matumbo, na hapo ndipo uchungu wao unapotoka. Mpishi wa Kisumu huwaosha kwa maji ya moto hadi mchanga uishe, huwakaanga wakauke, halafu huchagua: nyanya na vitunguu, au maziwa. Naomba msomaji achague maziwa. Uchungu haufi ndani yake, unatulia tu, na mchuzi unakuwa mweupe wenye ladha ya moshi na ziwa.

Kabla ya majokofu, jua ndilo lililokuwa ghala. Samaki alipasuliwa, akafunguliwa bapa, akaanikwa, na hadi leo obambla huuzwa sokoni akiwa mkavu kama ubao. Hulowekwa kisha hupikwa polepole. Nyama ya ng'ombe nayo hukatwa vipande virefu na kukaushwa, ikaitwa aliya. Iliwekwa kwa ajili ya siku ya mgeni wa ghafla, maana nyumba haikutakiwa kukosa kitu cha kumpa. Huchemshwa hadi ilainike, kisha huungwa kwa samli au karanga zilizosagwa. Utamu wake ni mzito, hauhitaji vipande vingi, na kwangu mimi unaizidi nyama choma inayosifiwa Kenya nzima.

Sasa mboga, ambazo ndizo hasa zilizonifanya niandike. Nenda soko la Kibuye, ikiwezekana Jumapili ambapo wauzaji hufurika hadi barabarani, ukawatazame akina mama waliokaa nyuma ya mafungu ya majani. Kuna osuga, mnavu wetu. Kuna akeyo, ambao ni mgagani. Kuna boo, majani ya kunde, na apoth, yaani mlenda. Kuna pia mitoo, majani madogo yenye uchungu mkali ambayo huchanganywa na apoth ili ulaini wa huyu uuchukue ukali wa yule. Muuzaji ukimuuliza, "Mama, hii ipikwe na nini?" hatakupa jibu la neno moja. Atakueleza ipi imwagwe maji ya kwanza na ipi isimwagwe, ipi itiwe magadi na ipi magadi yataiharibu.

Osuga na akeyo hupikwa kwenye chungu cha udongo. Majani huchemshwa hadi yalainike, hutiwa maziwa, huachwa juu ya moto mdogo, kisha huepuliwa na kufunikwa. Kesho yake hupashwa na kuongezwa maziwa. Keshokutwa tena, safari hii pengine na krimu au kijiko cha samli. Siku ya tatu majani yameshiba maziwa, rangi imekuwa kijani iliyoiva sana, na uchungu umekuwa wa duara, unaokuja mwishoni mwa tonge na kukuachia hamu ya tonge jingine. Ukiila siku ya kwanza utasema ni dawa. Ukiila siku ya tatu utaelewa kwa nini mzee wa Kijaluo anaweza kuacha kuku mezani akalisogeza bakuli hili karibu yake.

Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini, huku kabichi na sukuma wiki zikipandishwa hadhi. Aliyesaidia sana kuzirudisha ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo cha bustani aliyefundisha Maseno, karibu na Kisumu, na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Yeye mwenyewe alilelewa kwa majani haya kwa sababu vyakula vitokanavyo na wanyama vilimdhuru. Amechunguza mbegu za mboga hizi, virutubisho vyake na namna ya kuzilima kibiashara. Leo hoteli za Kisumu zinaziorodhesha bila aibu, ingawa nyingi huzikaanga haraka kwa mafuta kwa kuwa hazina siku tatu za kusubiri. Mwombe mwenyeji akupeleke kwa mama anayepika chunguni.

Ugali, kuon, ulio bora kwa mboga hizi ni wa mtama uliochanganywa na muhogo: mweusi, wa kuvutika, wenye uchachu mdogo. Ugali mweupe wa mahindi unafaa samaki. Asubuhi kuna nyoyo, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, yanayoliwa na chai, au viazi vitamu. Uji, nyuka, ni wa mtama au wimbi, na hukolezwa kwa ukwaju. Mtu wa Tanga anayeujua ukwaju kwenye juisi na achari atashangaa jinsi unavyoubeba uji mzima; katika joto la Kisumu hakuna kinywaji kinachoburudisha kuliko huo, hasa ukipewa kwenye kibuyu.

Mvua za masika zikianza, jaribu kumbikumbi, ng'wen, waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kutiwa chumvi. Wanaosita wajue kwamba Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kina kituo kizima cha utafiti wa wadudu kama chakula.

Ukialikwa nyumbani utachinjiwa kuku, na firigisi itakwenda kwa mwenye nyumba au kwa mgeni anayeheshimiwa. Usikatae kula. Ukarimu huo una kisa chake. Karibu na Kendu Bay, mji wa ufukweni wenye Waislamu wa siku nyingi, kuna ziwa dogo la Simbi, na wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Kikongwe mmoja mwenye njaa alifika wakati wa sherehe, akafukuzwa kila mlango isipokuwa mmoja. Mama aliyempokea aliambiwa aondoke na watu wake usiku ule, na mvua ikakizamisha kijiji chote. Watoto wa Nyanza hukua na kisa hiki, na utakiona kikifanya kazi kila unapoingia nyumba ya mtu usiyemjua na kukuta maji ya kunawa yameshaletwa.

Kuhusu wakati wa kwenda: kati ya Machi na Mei mboga ni changa na kumbikumbi wapo, ila kuanzia Aprili omena utakaopata ni wa akiba. Kuanzia Agosti omena wapya hurudi sokoni. Muislamu aulize kuhusu uchinjaji. Kisumu swali hilo halimkeri mtu. Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa. Na kama una siku moja ya ziada, shika njia ya Luanda K'Otieno, panda kivuko hadi Mbita, uvuke daraja uingie kisiwa cha Rusinga. Huko mitumbwi ya omena huonekana usiku kwa taa zake, samaki huuzwa palepale anaposhushwa, na mama yeyote wa ufukweni atakubali kukuchemshia aliyetoka majini saa hiyo, mradi umwambie mapema akuwekee kuon ya mtama.