Uingereza: Mwenye MGB ndiye fundi wake, na ndiye mkaguzi wake

Nchini Uingereza, gari lililopita miaka 40 halilazimishwi tena kupita ukaguzi wa kiufundi wa kila mwaka, ikiwa halikubadilishwa sana umbo na mitambo. Sheria hiyo ilianza kutumika Mei 2018, na wenye magari ya zamani wengi waliipokea kwa furaha. Lakini iliwatwika pia mzigo. Kwa sasa hakuna mtu anayelazimika kuchungulia chini ya gari kabla halijaingia barabarani, isipokuwa mwenyewe, akiwa amelala chali nyumbani kwake na taa mkononi.

Moja ya magari yanayotengenezwa sana kwa namna hiyo ni MGB, gari dogo la michezo lililotoka katika kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, tangu 1962 hadi Oktoba 1980, kiwanda kilipofungwa. Lilikuwepo lenye paa la turubai na lenye paa la chuma, lililoitwa GT. Kwa jumla yalitengenezwa zaidi ya nusu milioni, na mengi yalisafirishwa Marekani. Leo jina la MG ni mali ya kampuni ya China, SAIC, ambayo inatengeneza magari mengine kabisa. Hata hivyo, MGB nyingi zingali zinatembea, na sababu kubwa ni kwamba mtu wa kawaida anaweza kuzitengeneza kwake.

Moteri isiyo na kompyuta

Ukifungua kapo ya MGB, kila kitu kiko mbele ya macho: moteri ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 1798, kabureta mbili za SU, delko, redieta. Hakuna kompyuta, wala hakuna mashine ya kuchomeka ili isome kosa liko wapi. Mwenye gari anahitaji seti ya kle, turnevisi, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kitabu cha maelezo na muda wa kutosha.

Kazi za kawaida zinajulikana: kufanya vidanje, kubadilisha buji, kusafisha na kupima nafasi ya vidude vinavyokata umeme ndani ya delko, kurekebisha supape. Sehemu za mbele zinazogeuka na volani zinahitaji grisi kila kilomita 5,000 hivi. Kazi hiyo inachukua dakika chache tu, lakini wengi waliomiliki magari haya mbele waliisahau. Chuma kikikauka, kinalika. Volani inaanza kuwa nzito, kisha magurudumu yanalegea, na bei ya matengenezo inapanda kuliko bei ya kopo la grisi.

Kabureta ndizo zinazowaogopesha wanaoanza, ijapokuwa ubovu wake mara nyingi ni mdogo. Juu ya kila kabureta kuna kifuniko kidogo, na chini yake mafuta mepesi yanayozuia pistoni isipande kwa ghafula. Mafuta hayo yakiisha, gari linasitasita kila mara dereva anapokanyaga ili lichomoke. Kuna watu waliofungua kabureta nzima juu ya meza, kumbe kilichokosekana kilikuwa mafuta kidogo. Kabureta zote mbili lazima pia zivute hewa sawasawa. Wazoefu wanatia ncha moja ya mpira mwembamba kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine sikioni, na kusikiliza mlio wa hewa. Wanageuza visi kidogo kidogo hadi milio hiyo miwili ifanane.

Pampu ya kupeleka esansi iko nyuma ya gari na inatumia umeme. Ufunguo unapogeuzwa inapiga tik-tik-tik. Ikinyamaza, mara nyingi ni kwamba vidude vyake vya umeme vimechafuka. Dereva aliyekwama njiani anaigonga polepole kwa mpini wa nyundo, na inaamka. Kugonga kunamfikisha nyumbani tu; akifika, pampu inapaswa kusafishwa ama kubadilishwa.

Umeme una mtego mwingine. MGB zilizotengenezwa hadi 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na waya chanya wa batri uliofungwa kwenye bodi ya gari, kinyume cha magari ya leo. Batri zenyewe zilikuwa mbili, za volti 6 kila moja, zimefichwa nyuma ya viti. Anayefunga batri ama redio mpya bila kuhakikisha jambo hilo anaweza kuunguza vifaa kwa sekunde moja.

Kutu inayojificha

Moteri ya MGB ni ngumu kufa. Kinachoiua gari ni kutu. Bodi yake ndiyo mifupa yake, na mihimili inayopita chini ya milango, kulia na kushoto, ndiyo inayobeba uzito, zaidi sana kwenye gari la paa la turubai. Maji na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi vinaingia ndani yake na kuila polepole, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Hapo ndipo fundi wa nyumbani anaweza kufanya kosa kubwa. Akikata mhimili uliooza bila kwanza kufunga chuma cha kushikilia nafasi ya mlango, bodi inajikunja katikati. Akimaliza kuchomelea, mlango haufungi tena, na kunyoosha bodi hiyo ni shida. Kwa waliochelewa kabisa kuna njia nyingine: tangu 1988, kampuni ya British Motor Heritage inauza bodi mpya za MGB, zilizotengenezwa kwa mashine za zamani zilizokunja mabati ya kwanza. Vipuri vingine pia vinapatikana kwa urahisi.

Freni hazisamehi

Huko Goma, Bukavu ama Bunia, watu wengi wanatengeneza gari la zamani kwa sababu hawana uwezo wa kununua lingine. Huko Uingereza, mwenye MGB mara nyingi ana gari lingine la kwenda kazini, na hili analitunza kwa mapenzi. Lakini kwenye mteremko, mapenzi hayasimamishi gari.

MGB za kwanza zina njia moja tu ya mafuta ya freni kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, kanyagio inazama hadi chini, na dereva anabaki na freni ya mkono. Kwa hiyo mipira hiyo inachunguzwa kila mwaka, na mafuta yake yanabadilishwa kila miaka miwili hivi, kwani yanavuta maji kutoka hewani. Mipira ya esansi nayo ina adui mpya. Tangu Septemba 2021, esansi ya kawaida inayouzwa huko inaweza kuwa na pombe ya ethanoli hadi asilimia 10, ambayo inaharibu mipira ya zamani. Esansi ikivuja juu ya moteri ya moto, gari linaweza kuwaka. Wenye magari hayo wanashauriwa kutumia esansi bora yenye ethanoli kidogo, na kufunga mipira mipya inayoivumilia.

Kuna hatari pia kwa fundi mwenyewe. Krike ni ya kuinua gari, si ya kulishikilia. Kabla mtu hajaingia chini, gari linapaswa kuegemezwa juu ya vyuma imara, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiliwe yasibingirike.

Sheria ya 2018 haikumwondolea mwenye gari wajibu wake. Gari bovu barabarani bado ni kosa, hata kama lina miaka 50. Kwa sababu hiyo, baadhi yao wanaendelea kulipeleka kwenye ukaguzi kila mwaka kwa hiari yao. Wanajua kwamba mtu aliyefunga kila boliti kwa mkono wake ndiye wa mwisho kuona ile aliyosahau kuikaza.