Bukavu: Simu ya usiku inakula saa za usingizi, mutu afanye nini?

Katika kata mingi za Bukavu, simu inaanza kazi yake kubwa wakati watu wangepaswa kulala. Umeme unakuja kwa zamu, na kwa nyumba mingi courant inarudia kisha watu kumaliza kula. Njo saa ya kushariji. Kampuni za simu zinauza forfait za usiku kwa bei ya chini kuliko za muchana, lakini mega hizo zinatumika tu usiku ukiisha kuingia sana. Ndugu walio Canada ama Marekani nao wanapiga saa hizo, juu kwao ingali muchana. Matokeo: mutu anaingia kitandani na simu mukononi, waya ya chajeri karibu na kichwa.

Asubuhi macho ni mazito, kichwa kinauma, hasira iko karibu. Wengi wanasema ni kazi ama malaria. Mara zingine ni kweli. Mara zingine ni usingizi tu ulipunguka, usiku kwa usiku.

Mwili uko na saa yake

Ndani ya bongo la kila mutu kuna sehemu ndogo inayofanya kazi sawa vile saa. Inapanga wakati wa kuamuka, wa kusikia njaa na wa kulala. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2017 kwa sababu walionyesha, kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda, namna saa hiyo inatembea ndani ya chembe za mwili.

Saa hiyo inafuata mwangaza. Giza likiingia, bongo linaanza kutoa homoni inayoitwa melatonini, ambayo inaambia mwili kwamba usiku umefika. Ndani ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake si kuona sura za watu ama maandishi, ni kupima mwangaza na kujulisha bongo kama ni muchana ama usiku. Chembe hizo zinasikia zaidi mwangaza wa bluu, na kioo cha simu kinatoa mwangaza wa namna hiyo.

Watafiti wa hospitali moja ya Boston, Marekani, walitoa mwaka wa 2014 matokeo ya jaribio juu ya watu 12. Kwa usiku 5, watu hao walisoma kitabu cha karatasi kwa saa 4 mbele ya kulala. Kwa usiku 5 zingine, walisoma ku tableti. Wakati wa tableti, melatonini ilipunguka kwa asilimia 55 hivi, na saa ya mwili ilirudi nyuma kwa saa moja na nusu. Asubuhi walichelewa kuchangamuka, hata kama walipewa saa 8 kamili za kulala.

Mwangaza si yote

Lakini jaribio lile lile lilionyesha jambo lingine lenye watu hawalitaji sana. Pamoja na mwangaza huo wote, watu wale walichelewa kupata usingizi kwa dakika 10 hivi tu. Dakika 10 haziwezi kueleza juu ya nini kijana wa Kadutu aliyeingia kitandani saa ine ya usiku anafunga macho saa nane.

Simu za sasa ziko na rangi ya njano ya usiku, na wengi wanaiwasha wakifikiri tatizo limekwisha. Mwaka wa 2021, watafiti wa chuo kikuu cha Brigham Young, Marekani, walipima usingizi wa vijana 167. Rangi ya njano haikuleta usingizi bora kuliko simu ya kawaida. Kati ya vijana waliokuwa wanalala karibu saa 7, wale walioacha simu kabisa mbele ya kulala njo walipata usingizi muzuri zaidi kidogo.

Kwa hiyo kinachokula usiku zaidi ni kile mutu anafanya na simu. Programu ya redio iko na mwisho. Gazeti liko na ukurasa wa mwisho. Video za TikTok ama Facebook hazina: moja ikimalizika, ingine inafuata yenyewe. Mutu anajiambia “dakika tano tu”, na saa mbili zinapita. Tena kuna ujumbe: mabishano katika grupu ya WhatsApp ya familia, mwenye kudai deni lake, picha za damu zenye hazijulikani zimetoka wapi. Hapo moyo unapiga haraka, na bongo linabaki macho hata kisha kuzima simu.

Usingizi wenye kukatwa

Usingizi unatembea kwa vipindi vya dakika 90 hivi. Mwanzoni mwa usiku, usingizi muzito njo mwingi. Karibu na asubuhi, usingizi wa ndoto unaongezeka. Vyote viwili vinasaidia bongo kuhifadhi yale mutu alijifunza muchana. Mwenye kulala saa nane ya usiku na kuamuka saa kumi na moja na nusu amepata saa 3 na nusu tu, na sehemu kubwa ya ile ya mwisho imepotea.

Watoto ni wa kwanza kuumia. Mwaka wa 2016, watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 20 zilizohusu watoto na vijana zaidi ya 125,000. Kati ya wale wanaotumia simu ama tableti wakati wa kulala, kukosa usingizi wa kutosha kulionekana karibu mara mbili zaidi. Hata pale kifaa kilikuwa tu ndani ya chumba bila kutumiwa, watoto walilala vibaya zaidi. Katika nyumba ya chumba kimoja, kioo cha baba ama cha kaka mukubwa kinamulikia kila mutu.

Mwanafunzi wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji saa 8 mpaka 10 za kulala. Mutu mukubwa anahitaji angalau 7. Finaliste anayejitayarisha kwa Exetat na kukesha na simu, hata kama nusu ya wakati anasoma kweli, anapoteza usiku sehemu ya yale aliyosoma muchana.

Motari naye ahesabu vizuri. Utafiti wa Australia wa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba mutu aliyekaa macho kwa saa 17 anafanya mambo polepole sawa na mwenye gramu 0.5 ya pombe katika litre moja ya damu. Ufaransa, kipimo hicho kinatosha kumukataza mutu kuendesha gari. Aliyeamuka saa kumi na moja ya asubuhi anafikia saa 17 hizo saa ine ya usiku, na ingali na abiria nyuma yake.

Na usalama?

Tangu vita iliingia muji mwezi wa pili 2025, familia mingi haziwezi kuzima simu. Mutu anaogopa kukosa habari wakati wa kukimbia, ama simu ya mulinzi, ya jirani, ya mugonjwa. Woga huo uko na sababu, na kumwambia mutu “zima simu” hakumusaidii.

Kinachosaidia ni kutofautisha simu inayoita na simu ya kutazama. Mwito wa jirani unaamusha mutu pale kuna jambo. Kufungua grupu kila nusu saa kunamuamusha hata pale hakuna, na uvumi mingi unatembea usiku kwa sababu hakuna wa kuuhakikisha.

Simu mingi za Android na iPhone ziko na chaguo linaloitwa “Ne pas déranger”. Mwenye simu anachagua namba chache, mufano jirani, muzazi na chef wa avenue, na hizo tu njo zitalia. Ujumbe mwingine unangoja asubuhi. Katika parcelle moja, watu wanaweza pia kupeana zamu: usiku huu simu ya mutu fulani njo inabaki wazi, wengine wanalala.

Mambo mengine yenye kuwezekana hapa:

– Kuacha simu ishariji ku meza ama mbali na kitanda, si chini ya muto wa kichwa. Ikifunikwa na nguo, inapata moto sana.

– Mwenye mega za usiku anaweza kuacha simu itélécharger video ama masomo peke yake, na kuyatazama kesho yake bila kukesha.

– Kupanga na ndugu wa ng’ambo siku ya kuongea. Siku ya posho ama ya Mungu muchana, wao nao wako nyumbani kwao.

– Mwenye kutumia simu kama réveil aiweke mbali na mukono. Itamulazimisha kusimama.

– Kuacha video na mabishano nusu saa mbele ya kulala. Redio kwa sauti ya chini haina kioo cha kutazama.

– Muzazi aanze yeye mwenyewe. Mutoto haachi simu wakati anaona baba yake anaishikilia mpaka usiku wa manane.

Kama mutu ameacha simu na usingizi bado haukuji, mara tatu kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, ama kama kila usiku anarudia kuona mambo mabaya aliyopitia, hapo simu haiko tena chanzo. Aende kwa kituo cha afya na aeleze vile analala, sawa vile angeeleza homa.