Je, Wajua Nani Hugandisha Dirisha la Java?

Karibu kila mwanafunzi aliyeunda dirisha la Java kwa kutumia programu ya NetBeans ana mstari mmoja kwenye faili lake ambao hakuuandika yeye. Umekaa chini kabisa, ndani ya main, baada ya aya ya kuchagua sura ya Nimbus: EventQueue.invokeLater. NetBeans huuandika yenyewe. Mwanafunzi hauulizii, na mwalimu naye ana haraka ya kufika kwenye hifadhidata. Ni hasara kubwa, kwa sababu malalamiko mengi kuhusu programu za dirisha za Java hujibiwa na mstari huo.

Malalamiko yenyewe yanajulikana. Katika vyuo vilivyo kando ya barabara ya Haile Selassie jijini Nairobi, hatua chache kutoka Muthurwa, na katika saiba za Eastlands, utasikia kwamba Java ni nzito, Java ni ya zamani, mashine imechoka, inahangi. Mashine hiyo haina hatia, na Java haina hatia pia.

Chukua programu ndogo ya kuweka hesabu za muuza nafaka katika soko la Muthurwa. Ina kisanduku cha jina la bidhaa, kingine cha idadi ya gorogoro (makopo ya kupimia) zilizouzwa, na kitufe cha Hifadhi. Muuzaji anabonyeza, programu inatafuta hifadhidata ya MySQL iliyo kwenye kompyuta nyingine, mtandao unasuasua, na jibu linachukua sekunde 8. Kwa sekunde hizo 8 dirisha zima linakufa. Halisogei, halifungiki, na Windows inaandika juu yake kwamba haliitikii.

Swing, maktaba inayochora madirisha, vitufe na majedwali ya Java, huendesha mambo yote ya sura kwenye uzi mmoja. Uzi ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua, na programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi zinazokwenda sambamba. Hata hivyo, chochote kinachogusa dirisha kinapaswa kupita kwenye uzi uitwao AWT-EventQueue-0, na ule mstari wa EventQueue.invokeLater ndio unaolipeleka dirisha huko. Mbofyo wa kipanya, herufi iliyochapwa, amri ya kuchora upya sehemu ya dirisha, yote hayo ni matukio. Hupanga foleni, na uzi huo huyahudumia moja baada ya jingine bila kuliacha tukio katikati ili kushika jingine. Tukio moja likichukua sekunde 8, yaliyo nyuma yake yatangoja sekunde 8.

Ukishalijua hilo, vituko kadhaa vinavyowasumbua wanaoanza huacha kuwa vituko. Kitufe hubaki kimezama baada ya kidole kutoka, kwa kuwa amri ya kukichora upya ingali kwenye foleni. Lebo uliyoiagiza iseme "Subiri" kabla ya kazi, kisha "Tayari" baada ya kazi, haionyeshi "Subiri" kamwe. Neno limebadilika ndani ya lebo mara moja, lakini kulichora kwenye skrini ni tukio jingine, na zamu yake inapofika neno limeshakuwa "Tayari". Mwanafunzi hudhani setText imeharibika, akaiandika mara mbili, akaandika na repaint chini yake, na bado hakuna kitu.

Kituko kibaya zaidi kinahusu pesa. Mibofyo inayopigwa wakati dirisha limeganda haipotei. Inakaa kwenye foleni. Muuzaji aliyekosa subira akabonyeza mara tatu atakuta gorogoro zile zile za ndengu zimeuzwa mara tatu kwenye kumbukumbu zake. Wengine hujaribu kuziba tundu hilo kwa kukizima kitufe mwanzoni mwa kazi na kukiwasha mwishoni, ndani ya kipande kile kile cha msimbo. Haisaidii. Mibofyo iliyongoja itahudumiwa baada ya kipande hicho kwisha, na wakati huo kitufe kimeshawashwa tena.

Kwa nini basi waundaji wa Swing waliamua hivyo, na kompyuta zina uwezo wa kuendesha nyuzi nyingi? Jibu lake linaeleweka vizuri hapa Muthurwa, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901 ilikuwa ya njia moja. Treni inayopanda kutoka Mombasa na inayoshuka kutoka ziwani zilipishana stesheni tu. Zikikutana katikati ya stesheni mbili, hakuna inayoweza kupita.

Ndani ya programu ya dirisha pia kuna safari mbili zinazoelekeana. Mbofyo huanzia chini, kwenye mfumo wa kompyuta, ukapanda hadi kwenye dirisha, kisha kwenye paneli, kisha kwenye kitufe. Amri za programu hushuka: kitufe, paneli, dirisha, mfumo. Nyuzi nyingi zikiruhusiwa, kila moja italazimika kufunga kufuli ya kila sehemu inayopita ili nyingine isiivuruge. Uzi unaopanda umeshika kufuli ya dirisha na unataka ya kitufe. Uzi unaoshuka umeshika ya kitufe na unataka ya dirisha. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na hakuna atakayeachia. Graham Hamilton, aliyekuwa makamu wa rais wa Sun Microsystems, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 2004, akieleza kwamba AWT, iliyoitangulia Swing, ilitolewa kwanza kama maktaba ya nyuzi nyingi, na mikwamo ya namna hii ndiyo iliyowafundisha. Swing ilipoingia katika Java 1.2, Desemba 1998, njia ilikuwa moja.

Wala si Java peke yake. Simu za Android, zilizojaa mikononi mwa watu wa Nairobi, zinafuata kanuni hiyo hiyo: uzi mkuu usipoitikia mguso kwa sekunde 5, simu hukuuliza kama uifunge programu. JavaFX, maktaba nyingine ya madirisha ya Java, ina uzi wake mmoja. Anayejifunza kanuni hii kwenye Swing ameshajifunza nusu ya kazi ya kuunda programu za simu.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kazi ndefu hutolewa nje ya uzi wa matukio, na matokeo hurudishwa ndani yake ili yaonyeshwe. Tangu Java 6 ya mwaka 2006 kuna SwingWorker kwa ajili hiyo hasa. Unachokiandika katika doInBackground hufanyika kwenye uzi wa pembeni, na unachokiandika katika done hufanyika kwenye uzi wa dirisha. Kitufe kizime kabla ya kumtuma mfanyakazi huyo, ukiwashe katika done, na mauzo hayataandikwa mara tatu. Ukitaka kitu kitokee kila baada ya muda, tumia Timer ya Swing na uache Thread.sleep, kwa sababu usingizi ndani ya uzi wa matukio ni usingizi wa dirisha zima. Jihadhari na jambo moja: hitilafu ikitokea ndani ya doInBackground, SwingWorker huimeza kimya mpaka uite get. Wengi hawaiiti, halafu hushangaa kwamba programu haitoi matokeo wala kosa.

Na ukitaka ushahidi badala ya kubahatisha, JDK yenyewe, kifurushi cha zana za Java, inao. Dirisha likiwa limeganda, fungua dirisha la amri, andika jps upate namba ya programu, kisha jstack na namba hiyo. Tafuta sehemu ya AWT-EventQueue-0. Uzi uliotulia utaonekana unangoja tukio katika getNextEvent. Uzi uliokwama utakuonyesha darasa lako mwenyewe na namba ya mstari uliouzuia. Ni kazi ya dakika moja, na ni haki kila mwanafunzi afundishwe kabla ya kuruhusiwa kulaumu kompyuta.

Hapa ndipo ninapoudhika. Kompyuta zilizotumika, zenye kumbukumbu ya GB 4, zinatosha kabisa kuendesha programu ya Swing ya duka, ya zahanati au ya chama cha akiba. Zinasemwa ni mbovu kwa sababu programu ilifanya kazi ya sekunde 8 mahali pa kazi ya sekunde 0.1, muda ambao mtu bado huona jibu limekuja papo hapo. Mwenye duka hununua nyingine, na ya kwanza huvunjwa vipuri, mabaki yakaishia jalalani Dandora. Ni uchafu wa sumu unaotokana na somo lililorukwa darasani. Vyuo vinavyofundisha kuburuta vitufe na kuviacha mahali pake, bila kueleza kilicho nyuma ya msimbo wa kijivu wa initComponents, vinachangia. Wanaouza miradi ya mwisho wa mwaka iliyokwisha kuandikwa wanachangia zaidi, kwa maana aliyenunua hawezi kurekebisha, na muuza nafaka ndiye anayelipa.

Makosa mengine ya wanaoanza ni mepesi, na yanaweza kupitiwa haraka. Vitufe vinne vikiongezwa na kimoja tu kuonekana, ni kwa sababu JFrame hutumia BorderLayout, na kila kinachoingizwa bila kutajiwa upande huwekwa katikati juu ya mwenzake. Viweke kwanza kwenye JPanel. Dirisha tupu: setVisible imeitwa kabla vitu havijaongezwa, au pack imesahauliwa. Ukiongeza kitu baada ya dirisha kuonekana, ita revalidate na repaint. Kitu kimoja hakikai kwenye paneli mbili. Ukikiongeza kwenye ya pili kinatoka kwenye ya kwanza. Dirisha likifungwa na programu ikaendelea kukimbia chini kwa chini, ni kwa sababu desturi yake ni kufichwa tu, weka EXIT_ON_CLOSE. NullPointerException kwenye kitufe ulichokwisha kuunda hutokana mara nyingi na kuandika tena JButton ndani ya konstrakta, ukaunda cha pili na kukiacha cha darasa kitupu. Maneno hulinganishwa kwa equals, si kwa alama mbili za sawasawa. Kisanduku kitupu kikipelekwa kwenye Integer.parseInt huleta NumberFormatException. Picha inayoonekana kwako na kupotea kwa mteja imeandikiwa njia ya diski yako, tumia getResource. Michoro huandikwa katika paintComponent, ukianza na super. Vipimo vilivyogandishwa kwa setBounds huharibika skrini ikibadilika. JavaFX iliondolewa kwenye JDK tangu Java 11 ya mwaka 2018, kwa hiyo hupakuliwa kando. Na faili la jar lisilofanya lolote ukilibofya, liendeshe kwa java -jar kwenye dirisha la amri, usome mstari wa kwanza unaotaja darasa lako. Mabano matupu baada ya catch humeza hitilafu, yajazwe leo hii.

Swing ingali ndani ya kila JDK kamili, bila malipo, na programu yake haihitaji bando ili ifunguke. Imejenga NetBeans yenyewe, IntelliJ IDEA na Android Studio inayotegemea IntelliJ, Weka ya uchambuzi wa data, Burp Suite ya wakaguzi wa usalama, na JOSM, programu ya kuhariri ramani iliyotumiwa na vijana wa Map Kibera tangu mwaka 2009 kuuweka mtaa wao kwenye ramani. Ongeza na za kwetu: daftari la stoo, risiti za duka la vipuri, orodha ya wanafunzi, rekodi za chama, mizani ya nafaka.