Liyongo ni mmoja, wasimulizi ni wengi: Utampimaje aliye bora?

UKITOKA Kipini ukapanda na maji ya Mto Ozi, mwendo si mrefu utafika Kau, katika eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River. Leo Kau ni kijiji. Lakini katika karne ya 19 ilikuwa bandari ya mtoni iliyojulikana na wafanyabiashara wa pwani nzima. Pembe za ndovu zilishuka hapo kutoka bara, nazo bidhaa za pwani zikapanda. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa mikono ya watu, ndio uliounganisha Mto Ozi na Mto Tana.

Hii, msomaji, ndiyo nchi ya Fumo Liyongo, jitu la mishale, shujaa na mtunzi wa mashairi. Kaburi linalosemekana kuwa lake liko upande huo wa Kipini. Alice Werner, mtaalamu Mwingereza wa lugha za Kiafrika, alizuru pwani hii kati ya mwaka wa 1911 na 1913. Alikuta visa vya Liyongo vikisimuliwa na Waswahili na hata Wapokomo wa Tana.

Bila shaka nawe umewahi kukisikia kisa hiki, ama darasani au kwa nyanya. Lakini je, umewahi kukisikia mara mbili, kwa vinywa viwili tofauti? Kama umebahatika, basi unajua kwamba havikufanana. Na pengine ulijiuliza: yupi kati ya hao wawili ndiye aliyesema kweli?

Swali hilo ni zuri, ila liko swali jingine lililo bora zaidi, nalo ni hili: yupi aliyekisimulia vyema, na utajuaje?

Liyongo wawili

Hebu tutazame matoleo mawili yanayojulikana sana. La kwanza ni lile lililochapishwa na Edward Steere huko London mwaka wa 1870, katika kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja. Ni la nathari, kurasa chache tu. Humo Liyongo anaishi katika mji wa Shanga uliostawi. Ana nguvu nyingi na anawadhulumu watu kupita kiasi, hata wanakula njama ya kumkamata na kumtia gerezani.

La pili ni utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwaka wa 1913. Kijumwa alikuwa mtu wa fani nyingi: mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchongaji wa milango na mwanamuziki. Utenzi wake una beti zaidi ya 200. Mwaka wa 1973 ulitolewa Dar es Salaam na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, ukiwa umehaririwa na Abdilatif Abdalla. Katika utenzi huu Liyongo si dhalimu hata kidogo. Ni mtu mwema anayependwa, na kosa lake pekee ni kwamba mfalme wa Pate anamwogopa kwa ajili ya kiti chake.

Jina ni lile lile, na gereza na kifo ni vile vile. Lakini katika toleo moja watu wanajiokoa na mkandamizaji, na katika jingine mtawala anamwangamiza asiye na hatia.

Yanayofanana na hayo ughaibuni

Usidhani jambo hili ni letu peke yetu. Wapenzi wa muziki wa Ulaya nao hubishana usiku kucha kuhusu kanda na santuri za utungo mmoja. Chukua mfano wa Simfoni ya Pili ya Gustav Mahler, utungo wa okestra kubwa, waimbaji wawili wa kike na kwaya, uliopigwa mzima kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka wa 1895. Kila noti imeandikwa karatasini. Hata hivyo, katika rekodi ya Otto Klemperer ya mwaka wa 1961 na 1962, simfoni hiyo inakwisha kwa takriban dakika 80. Katika ile ya Leonard Bernstein ya New York, ya 1987, inapita dakika 90!

Je, aliye karibu zaidi na mtunzi ndiye mkweli? Klemperer alimjua Mahler ana kwa ana. Bruno Walter naye alimjua, tena alikuwa msaidizi wake kazini. Wote wawili waliirekodi simfoni hiyo, na rekodi zao hazifanani. Mmoja ni mkavu na imara, mwingine ni mpole na mwenye joto. Bernstein alizaliwa mwaka wa 1918, miaka saba baada ya Mahler kufariki, na bado wako wasikilizaji wengi wanaompenda kuliko hao wawili.

Basi ikiwa utungo ulioandikwa noti kwa noti hauna toleo moja, sembuse kisa kilichopita midomoni mwa watu kwa karne nyingi? Kuwa karibu na kaburi hakutoshi, wala kuwa na kitabu cha kale hakutoshi. Ukali wa sauti na urefu wa masimulizi pia si hoja. Inakubidi usikilize mahali penye uzito.

Mahali patatu pa kupimia

Pa kwanza ni mwanzo. Msikilize msimulizi anapoeleza kwa nini Liyongo alichukiwa. Akisema alikuwa dhalimu, je, anatuonyesha dhuluma yenyewe, au anaitaja tu na kupita? Akisema alikuwa mwema, je, anatufanya tuielewe hofu ya mfalme? Msimulizi dhaifu hukimbilia gerezani kwa sababu anajua hapo ndipo penye utamu. Msimulizi hodari anajua kwamba bila ya chuki kueleweka, gereza ni jumba tu.

Pa pili ni gerezani. Walinzi wanakula chakula kizuri anacholetewa mfungwa na kumwachia kibaya. Kwa hiyo Liyongo anaimba wimbo wa mafumbo, na kijakazi Saada anaufikisha kwa mama yake. Mama anaoka mkate wa wishwa, na ndani yake anaficha tupa. Walinzi wanaudharau mkate ule. Kisha Liyongo anaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kufa. Matari, matasa na mapembe yanavuma nje, naye ndani anakata minyororo.

Hapa, msomaji, tega sikio. Msimulizi mwema anakufanya usikie sauti mbili kwa wakati mmoja: shangwe ya ngoma juu, na tupa ikikwaruza chini. Ukisikia ngoma peke yake, kisa kimekuponyoka. Mahler naye alitaka jambo la namna hiyo katika simfoni yake, kwani aliwaweka baadhi ya wapiga tarumbeta na ngoma nje ya jukwaa, wasikike kwa mbali. Rekodi inayowaleta karibu kama wenzao imeharibu maana.

Pa tatu ni kisimani. Liyongo amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anachukua upinde, anapiga goti karibu na kisima, na anafia papo hapo mshale ukiwa tayari. Watu wanadhani yu hai. Siku zinapita na hakuna anayethubutu kuteka maji, hata mama yake anaombwa ambembeleze kwa nyimbo. Mwishowe anaanguka.

Hapa kinachopimwa ni kimya. Mahler aliandika kwamba baada ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake pawe na mapumziko yasiyopungua dakika tano. Viongozi wengi wa okestra huyafupisha. Wasimulizi wetu nao hufanya vivyo hivyo: “akafa, watu wakafurahi.” La hasha! Mji wenye kiu unamwogopa maiti. Asiyeweza kungoja pale kisimani, hajaelewa ukubwa wa mtu huyu.

Si mchezo tu

Huenda ukasema, “Haya ni mambo ya wasomi, yatanifaa nini?” Yatakufaa sana. Katika utenzi wa Kijumwa, wafugaji wanafika Pate, nao wanamstaajabia Liyongo hata wanaomba aoe kwao ili wapate mbegu yake. Vitabu vya kale vinawaita Wagala, jina wasilolipenda. Jamaa zao katika Delta ya Tana leo ni Waorma. Mwana aliyezaliwa katika ndoa hiyo ndiye aliyemwua baba yake.

Sasa fikiria visa viwili. Msimulizi mmoja anasema mwana alimsaliti baba kwa sababu ya damu ya mama yake. Mwingine anakumbuka kilichoandikwa: kwamba ni mfalme aliyemshawishi kijana, akamwahidi bintiye awe mke. Wa kwanza anapanda chuki, wa pili anaonyesha hila ya kiti. Na katika Delta hiyo hiyo, mwaka wa 2012 na mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma. Mahali kama hapo, namna ya kusimulia kisa cha zamani si jambo dogo.

Kwa hivyo, wazazi, msiridhike na muhtasari ulio katika kitabu cha shule. Nanyi wanafunzi, mkienda mashambani likizo ijayo, mtafuteni mzee anayekijua kisa hiki, au kisa chochote kikubwa cha kwenu. Mwombeni ruhusa, mrekodini kwa simu, na msimkatize. Kisha mtafuteni wa pili, hasa wa jamii nyingine. Zisikilizeni rekodi hizo mbili pamoja nyumbani, mkisimama pale mwanzoni, pale gerezani na pale kisimani, na kila mmoja aseme ni nani aliyemgusa na kwa sababu gani.

Mtabishana, na hilo si neno. Mwenye kusikia toleo moja hukariri tu, bali mwenye kusikia mawili huanza kufikiri.