Mkono Uliolegea kwa Kiharusi: Usingoje Roboti, Anza Mazoezi

Wengi wanaonusurika kiharusi hubaki na mkono mmoja uliolegea. Kufunga kifungo cha shati, kushika kikombe au kuhesabu pesa huwa kazi ngumu. Huenda umeona kwenye simu video za roboti na michezo ya kompyuta inayosaidia wagonjwa kama hao, ukajiuliza iwapo mgonjwa wako anakosa tiba.

Roboti hizo hufanyaje kazi? Mojawapo ya zile za mwanzo, MIT-Manus, ilibuniwa katika chuo cha MIT, Marekani. Mkono wa mgonjwa hufungwa kwenye mtambo, naye husogeza alama kwenye skrini hadi ifike inapotakiwa. Akishindwa, mtambo humsaidia, akiweza, humwachia. Lengo ni kurudia mwendo mara nyingi, kwani ubongo hujifunza upya kwa kurudia.

Je, roboti inashinda njia nyingine? Utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 770, uliochapishwa mwaka wa 2019, ulionyesha kuwa waliotumia roboti hiyo hawakuweza kutumia mkono vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Utafiti mwingine wa 2016, uliohusisha wagonjwa 141 katika nchi nne, ulilinganisha michezo ya Nintendo Wii na michezo ya kawaida kama karata. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti kubwa.

Kwa hivyo, kukosa mashine si sababu ya kukaa bure. Mpeleke mgonjwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo mapema, akupe mazoezi yanayomfaa. Mgonjwa anayeweza kusogeza vidole anaweza, kwa mwongozo huo, kuchambua maharagwe, kufungua kifuniko cha chupa, kukunja nguo, kugawa karata au kucheza bao. Afanye kila siku, kidogo kidogo, na familia imtie moyo badala ya kumfanyia kila kitu.

Tahadhari: usimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea, bega linaweza kuumia. Mkono huo pia huenda usihisi joto, kwa hivyo uweke mbali na moto na maji moto.

Na ukiona mtu mdomo umeenda upande, mkono umeishiwa nguvu au maneno hayaeleweki ghafla, mkimbize hospitalini mara moja. Usingoje kesho.